UZI: Mfupa ukiingia usaha, sindano peke yake haiponyi. Niliyoyaona wodi ya mifupa

#1 (Mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya kwa miaka, leo naomba niandike jambo linaloniuma. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa tisa niko wodi ya mifupa, upande wa wanaume, kwenye hospitali ya rufaa hapa Tanzania. Hospitali siitaji, wala mgonjwa yeyote.

Jumanne asubuhi nilikuwa nasafisha kidonda cha kijana mmoja wa bodaboda. Alivunjika mguu miezi minane iliyopita, mfupa ukatoka nje. Kwenye ugoko kamebaki katundu kadogo, ukimwekea kifuniko cha kalamu kinatosha kukaziba, lakini hakafungi. Nikafuta usaha kwa gozi, nikaona kitu cheupe kinachungulia. Nikakishika kwa koleo, nikavuta taratibu, kikaja bila yeye kushtuka hata kidogo. Kipande cha mfupa, urefu wa njiti ya kiberiti, kikavu, rangi kama punje ya mahindi ya msimu uliopita. Nilipokiweka kwenye bakuli la chuma kililia "ti". Akaniuliza, "Sista, huo ni wangu?" Nikamwambia ni wako, ila ulishakufa siku nyingi.

Katika miezi hiyo minane amekunywa amoksilini, siprofloksasini, flajili, amechomwa seftriaksoni mara tatu za siku tano tano, na mwisho akapewa azithromaisini na jirani. Kila akianza dawa usaha unapungua, kila akimaliza unarudi. Kauza pikipiki. Na katika muda wote huo hakuna hata siku moja usaha wake ulipelekwa maabara ukajulikana una mdudu gani.

Hilo ndilo lililonileta. Naomba nieleze kwa nini dawa zile zote hazikumponya, maana hazikuwa feki na wala hakurogwa.

Mfupa ni kitu hai. Una damu, una mishipa, una ngozi yake nyembamba inayouzunguka nje na kuulisha. Bakteria wakiingia, wengi wao ni stafilokoka, wale wale wanaokaa puani na kwenye ngozi zetu, wanatengeneza usaha. Usaha kwenye nyama unapata pa kutanukia. Ndani ya mfupa hakuna nafasi, kwa hiyo unasukuma, unabana mishipa ya damu, unabandua ile ngozi ya nje. Kipande kilichokosa damu kinakufa. Mwili kwa kujitetea unaotesha mfupa mpya kukizunguka, kama ganda, na kile kilichokufa kinabaki humo ndani kimefungiwa pamoja na wadudu wake. Madaktari wanakiita sikwestra.

Sasa dawa, iwe ya kumeza au ya mshipa, inasafiri kwa damu. Pale ambapo damu haifiki, dawa nayo haifiki. Ongeza na hili: bakteria wakishajishikiza kwenye mfupa mfu au kwenye chuma alichowekewa mgonjwa kushikilia mfupa, wanajitandia utando. Umewahi kupitisha kidole ndani ya ndoo ya maji ambayo haijasuguliwa wiki mbili, ukakuta ule utelezi? Ndio huo. Unaweza kumwaga maji na kujaza mapya kila siku, utelezi upo pale pale mpaka usugue. Ndani ya utando huo bakteria wanastahimili kiasi cha dawa ambacho kingewaua mara moja kama wangekuwa wanaelea kwenye damu.

Ndiyo maana usaha wa mfupa uliokaa muda ni kazi ya kisu kwanza, kisha dawa. Daktari anafungua, anatoa kilichokufa mpaka anafikia mfupa unaovuja damu, anachukua vipande vya kuotesha maabara, ndipo dawa inakuwa na kazi inayowezekana.

Huyu kijana kosa lilianza saa ya kwanza. Alipofikishwa kituo cha mwanzo, kidonda chenye mchanga kilishonwa kikafungwa kabisa, ikapigwa P.O.P (plasta ngumu) juu yake bila dirisha la kuonea kidonda, akarudi nyumbani. Siku ya sita mkewe alisikia harufu. Simlaumu aliyeshona, huenda alikuwa peke yake usiku na wagonjwa ishirini. Lakini mguu umelipa.

Kwenye wodi yetu wengine wanaingia kwa njia tofauti: mwenye kisukari aliyetobolewa na msumari asisikie, aliyewekewa chuma kikaingiliwa, mwenye selimundu, mgonjwa wa figo ambaye wadudu wamepita kwenye mpira wa kusafishia damu wakaenda kutua kwenye uti wa mgongo. Nitaendelea kesho, zamu inaanza. Mwenye swali aweke.

#2

Sista, Mungu akubariki kwa uzi huu. Kaka yangu aliwekewa chuma kwenye paja miaka miwili iliyopita. Ilikuwa sawa kabisa, sasa tangu mvua za masika anatoa usaha kwenye kovu, unakauka, unarudi. Hana homa, kazini anaenda. Fundi mmoja wa dawa za asili kasema chuma kimeshika kutu, kitolewe haraka. Ni kweli?

#3 (Mtoa mada)

Pole kwa kaka. Kutu hapana, vile vyuma vimetengenezwa visishike kutu. Tatizo ni ule utando niliosema. Chuma hakina damu, kwa hiyo bakteria wachache tu wanatosha kukaa juu yake, na wanaweza kukaa kimya miezi mpaka miaka. Kutokuwa na homa kusiwadanganye. Kwa mtu mzima mwenye usaha wa muda mrefu kwenye mfupa, homa mara nyingi haipo.

Kitolewe au kisitolewe, inategemea swali moja: mfupa umeunga? Ukiwa umeunga, chuma kimemaliza kazi, kinatolewa, mfupa unasafishwa, vipande vinaoteshwa, dawa inafuata. Ukiwa haujaunga, kutoa chuma na kuacha mfupa unachezacheza ni kuuongezea ugonjwa, maana mfupa unaocheza hauponi na wala usaha haukauki. Hapo daktari anaweza kuosha na kukiacha huku dawa ikiwatuliza wadudu mpaka mfupa ushike, au akitoe na kuushikilia mguu kwa vyuma vya nje. Kwa hiyo aende na picha za eksirei, za zamani na mpya. Na tafadhali, asianze dawa yoyote ya duka wiki hizi. Kama hajisikii vibaya mwilini, wengi wanapenda mgonjwa akae kama wiki mbili bila antibaotiki kabla ya kuchukuliwa kipande cha mfupa, ili wadudu waote.

#4

Nafanya kazi maabara, kitengo cha kuotesha. Naomba nikazie alipogusa sista.

Tunaletewa kijiti cha pamba kilichopitishwa juu ya tundu la usaha. Tukikiotesha tunapata bustani nzima: wadudu wa ngozi, wa shuka, wa mikono. Daktari anapata majibu ya bakteria watatu na hajui nani mwenye nyumba na nani mpita njia. Wanaokaa mdomoni mwa tundu mara nyingi sio wale walioko kwenye mfupa. Kinachotusaidia ni kipande cha mfupa au nyama ya ndani, kimechukuliwa chumba cha upasuaji. Ukiwepo mfupa wenye chuma, tunaomba vipande vitano hivi kutoka sehemu tofauti, kila kimoja na kichupa chake na kifaa chake. Mdudu yule yule akiota kwenye viwili au zaidi, tunaamini ni yeye. Akiota kwenye kimoja tu, na ni wa kawaida wa ngozi, tunakuwa na wasiwasi naye.

Na muda. Majibu ya kawaida ni siku mbili mpaka tano. Ya chuma tunayaweka mpaka siku kumi na nne kwa sababu wapo wadudu wavivu. Ndugu wa wagonjwa wanatugombeza dirishani, nawaelewa, ila hatuwezi kumharakisha kiumbe kuzaliana.

Kinachouma ni hiki: mara nyingi sana tunaandika "hakuna kilichoota", na ukisoma fomu unakuta mgonjwa alishapigwa seftriaksoni siku nne kabla. Wadudu wapo, ila wamezimia kiasi cha kutoota kwenye sahani. Hapo daktari anabaki kutibu kwa kubahatisha wiki sita nzima.

#5

Mimi naona wiki sita ni nyingi mno, hospitali zinatafuta hela za bima. Mama mkwe alikaa kitandani wiki zote hizo anachomwa, mikono imevimba. Huku mtaani vidonge siku saba mtu anapona jipu. Kwa nini mfupa uwe tofauti?

#6 (Mtoa mada)

Swali zuri mkuu, na hasira yako naielewa. Mikono ya wagonjwa wetu inaisha mishipa, anayewachoma ndiye mimi, naona wanavyogeuza uso.

Hizo wiki hazikutungwa na mhasibu. Jipu ukilitumbua, nyama yenye damu nyingi inajifunga ndani ya siku chache. Mfupa unajijenga polepole, na unachukua wiki kadhaa kufunikwa upya na nyama yenye damu baada ya kusafishwa. Na yapo majaribio. Ufaransa walilinganisha wiki 6 na wiki 12 kwa watu wenye usaha kwenye uti wa mgongo, majibu yakachapishwa 2015: pande zote mbili karibu tisa kati ya kumi walipona. Kwa hiyo 12 zikaonekana hazina faida kwa wengi wa wagonjwa wale. Baadaye wakajaribu hivyo hivyo kwa wenye goti au nyonga ya bandia iliyoingiliwa, 2021, na hapo wiki 6 zikashindwa: ugonjwa uliendelea kwa watu 18 kati ya 100, dhidi ya 9 kwa waliopewa wiki 12. Ukiona daktari anataja muda tofauti kwa wagonjwa wawili wa kitanda jirani, sababu iko hapo.

Ila kwenye sindano una hoja nzito. Uingereza walifanya utafiti kwenye vituo 26, wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo. Nusu waliendelea na dawa za mshipa, nusu wakahamishiwa vidonge ndani ya siku saba za mwanzo. Baada ya mwaka, matibabu yalishindwa kwa asilimia 14.6 ya wa sindano na asilimia 13.2 ya wa vidonge. Ulichapishwa 2019. Yaani mama mkwe angeweza pengine kurudi nyumbani mapema na vidonge vyake.

Lakini usome vizuri walichofanya. Wengi mno wa wale walikuwa wameshafanyiwa upasuaji, na vidonge vilichaguliwa na mtaalamu, vile vinavyopenya kwenye mfupa na vinavyoendana na mdudu. Ukitoa hilo, unarudi kwa kijana wangu wa bodaboda. Yeye naye alimeza vidonge.

#7

Samahani naingilia, nimesoma uzi wote natetemeka. Niko Tanga. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari. Goti la kulia lilikuwa linamsumbua kama wazee wengine. Wiki iliyopita kuna mtu alikuja nyumbani akamchoma "sindano ya goti", akasema ya kulainisha. Alipata nafuu siku mbili. Tangu juzi goti limevimba, la moto, limekaza, akiguswa na shuka tu analia. Leo hataki kula na anatetemeka. Tumempa diklofenaki. Tunasubiri Jumatatu kwenye kliniki. Nifanye nini?

#8 (Mtoa mada)

Dada, usisubiri Jumatatu. Mpeleke hospitali kubwa usiku huu huu, pale penye chumba cha upasuaji. Naandika nikiwa njiani, nitaeleza zaidi nikifika, wewe anza kutafuta gari.

#9 (Mtoa mada)

Naendelea. Dada, ukifika mapokezi sema maneno haya: goti moja limevimba ghafla, alichomwa sindano ndani ya goti, ana kisukari, anatetemeka. Daktari akisikia hivyo atafikiria usaha ndani ya kiungo mpaka ithibitike vinginevyo.

Kiungo ni hatari zaidi ya mfupa kwa upande wa muda. Ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu na haioti tena ikiliwa. Usaha una vimeng'enya vinavyoila, na ndani ya siku chache inaweza kuharibika moja kwa moja. Na kwa mzee mwenye kisukari wadudu wanaweza kuingia kwenye damu, na hapo ni maisha yake.

Watakachotakiwa kufanya ni kuingiza sindano kwenye goti na kuvuta maji. Usiogope, na usimruhusu mtu yeyote akuambie hiyo sindano ndiyo itamharibu. Maji ya goti lenye afya ni kidogo, angavu, yananata kama ute wa yai. Yakitoka mazito na yenye ukungu, ni dalili mbaya. Yanapelekwa maabara: kuhesabiwa seli, kuangaliwa kwa hadubini kama kuna bakteria au chembe za gauti, na kuoteshwa. Damu nayo ioteshwe. Vyote hivyo kabla ya antibaotiki, ni kazi ya dakika chache. Lakini kama presha imeshuka au anapoteza fahamu, hapo dawa zisichelewe kwa sababu ya kusubiri kuvuta goti. Nimetaja hili makusudi, nisije nikasababisha mtu acheleweshwe.

Kisha goti linatakiwa kuoshwa. Uliza: "Daktari, ataoshwa goti lini?" Uulize kwa adabu, ila uulize. Eksirei ikiwa safi isiwatulize, siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Hata mfupa wenyewe unaweza kuchukua siku kumi mpaka kumi na nne kabla picha haijabadilika.

#10

Mimi nilikuwa na swali la mgongo. Mzee wangu ni mfugaji, mgongo unauma mwezi wa tatu, usiku anatoka jasho, kilo zimepungua. Amepimwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kama mara nne.

#11 (Mtoa mada)

Shikamoo yangu mfikishie mzee. Maumivu ya mgongo ya miezi mitatu yenye jasho la usiku na kupungua uzito hayatibiwi kama UTI. Kuna mambo mawili ya kutafuta kwanza. TB ya uti wa mgongo, ambayo haihitaji mtu awe anakohoa. Daktari Percivall Pott wa London alishaieleza tangu 1779, mpaka leo inabeba jina lake. Dawa zake hapa kwetu ni bure. Na brusela, hasa kama anakunywa maziwa mabichi au anazalisha mifugo kwa mikono mitupu. Brusela inapenda sana mgongo na maungio ya nyonga, na dawa zake ni za pamoja, angalau mbili, kwa wiki nyingi. Mwambieni daktari wazi wazi kuwa ni mfugaji, bila hilo hatalifikiria. Na maabara waambiwe, maana mdudu huyo anaambukiza hata wanaomuotesha.

Miguu ikianza kuwa mizito, ganzi, au mkojo kugoma, msisubiri miadi. Huo ni uti wa mgongo unabanwa.

#12 (mwenzetu wa maabara tena)

Kuhusu brusela, sista asante kwa kulisema hilo. Andikeni kwenye fomu, tafadhali sana.

#13

Sisi madereva tufanye nini mtu akivunjika barabarani mfupa ukatoka? Maana sisi ndio wa kwanza kufika.

#14 (Mtoa mada)

Mkuu, hapa ndipo mnaweza kuokoa mguu kuliko mimi. Msirudishe mfupa ndani. Msimwagie petroli, wala kahawa, wala majivu. Funika kwa kitambaa kisafi kuliko vyote mlivyonacho, fungeni mguu kwenye ubao au mguu mwenzake usichezecheze, mpelekeni. Akifika, antibaotiki ianze mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana. Hili haligongani na ninayoyasema tangu mwanzo: kidonda kibichi dawa inazuia, hakuna usaha wa kupima bado. Apate na sindano ya pepopunda, kisha kidonda kisafishwe chumba cha upasuaji. Cha kuoshea ni maji ya chumvi, yale ya dripu, kwa wingi. Wapo waliodhani sabuni ni bora. Utafiti wa 2015 wenye wagonjwa zaidi ya 2,400 ulionyesha waliooshwa kwa sabuni walirudishwa kwenye upasuaji mara nyingi zaidi.

Na kuhusu vyuma, wengi wanaogopa chuma cha ndani kwenye kidonda kama hiki. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili walilinganisha chuma cha ndani ya mfupa na vyuma vya nje kwa waliovunjika ugoko na kidonda, wakachapisha 2020. Kwa vifo na kurudia upasuaji ndani ya mwaka hapakuwa na tofauti ya kueleweka. Ni utafiti wa hapa hapa kwetu, kwa miguu ya watu wetu, najivunia nao.

#15

Wa Tanga hapa. Nimechelewa kurudi, nisameheni, sikuwa na chaji wala akili. Tulifika saa sita usiku. Daktari kijana alivuta goti, yakatoka kama uji wa mahindi, mimi mwenyewe niliona bomba la sindano linajaa. Alfajiri wakamuosha goti, juzi akaoshwa tena. Majibu yametoka siku ya tatu: stafilokoka. Wamembadilishia dawa kufuatana na majibu. Sukari imeshuka. Jana amekula wali. Leo kaanza kuniuliza lini ataweza kusujudu kama zamani.

#16 (Mtoa mada)

Alhamdulillah. Dada, nimesoma hii nikiwa kwenye chumba cha dawa, imebidi nikae.

Kusujudu bado, asilazimishe. Kwa sasa aswali kwenye kiti. Lakini goti lisilale, likilala litakaza. Daktari akisharuhusu, kila baada ya swala akunje na kunyoosha mara kumi, taratibu, wewe ukimshikia kisigino. Atalalamika. Shikilia tu kisigino.